Mwalimu wa Saa ya Kimya

Mdogo wangu Wilondja alikufa amekaa wima, macho yamefungwa, mikono juu ya magoti, na watu wote chumbani wakadhani anafikiri. Ilikuwa saa ya kimya. Mchana, mwezi wa tatu, shambani nje ya Louisville, unapita Jeffersontown mpaka maghala yanaisha na farasi wanaanza. Mbabula, lile jiko letu la makaa, lilikuwa karibu na mguu wake. Mlango ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa yamebandikwa plastiki kwa ajili ya baridi. Wataalamu wa fizikia walikuwa wameinamisha vichwa, mmoja alikuwa ameanza kukoroma, na hakuna aliyeshangaa, maana saa ya kimya haikosi mtu wa kukoroma.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwenye kidirisha cha kupitishia chakula kutoka jikoni. Kichwa kilianza kuniuma, nikasema ni njaa. Nilipotaka kusimama miguu ilikataa. Nikatambaa. Nilifika mlangoni, nikausukuma kwa bega, hewa ya nje ikaingia kama maji. Waliobaki wakaanza kukohoa, kutapika, kulia, kila mmoja kwa namna yake, lakini wote waliamka. Wilondja hakuamka.

Nimeanza na hilo ili mtu asije akasema nilizunguka.

Wanafunzi wa Mwalimu wanatengeneza kitabu cha kumheshimu. Wamemtafuta kila aliyeishi naye, Uvira, kwenye kambi ya wakimbizi, Louisville, Columbus, hapa Buffalo, wakaomba kila mtu aandike anavyomkumbuka. Mmoja alinipigia simu. "Mama Sifa, wewe ulimpikia miaka mingi, andika tu vitu vya kawaida, alivyokuwa anapenda kula, alivyokuwa anacheka." Nikamwambia mimi nilisoma mpaka darasa la tatu la primaire, nikaacha. Akasema haina shida, watanyoosha. Bon. Naandika. Lakini hiki wasikinyooshe.

Jina lake sitaliandika. Sababu nitaisema mwishoni. Wengine nitawataja.

Mwalimu alikuwa na tai moja, ya rangi ya damu iliyokauka, na aliivaa hata ghalani Louisville, tulikofanya kazi ya kupakia maboksi. Juu yake anavaa ile fulana ya kung'aa ya wafanyakazi, chini yake kuna tai. Msimamizi alimkataza kwa sababu inaweza kunaswa na mashine. Akaiingiza ndani ya shati, kati ya vifungo, akaendelea kuivaa. Mfuko wa shati haukukosa chaki. Mahali penyewe hapana ubao, lakini chaki ipo. Alikuwa anaandika juu ya maboksi, mahesabu na mishale, halafu boksi linaondoka na lori kwenda Texas na somo lake. Vijana walimtania: "Mwalimu, kuna mtu huko Texas amefungua viatu vyake akakuta mtihani."

Alicheka. Alipenda kutaniwa, mradi utani uwe na akili.

Neno lake lilikuwa moja: "Ulipima?" Ukimwambia leo kuna baridi kuliko jana, ulipima? Ukisema supu imekosa chumvi, ulipima? Mchungaji akisema kanisa limejaa, Mwalimu anageuka nyuma kuhesabu viti kwa macho. Siku moja Wilondja alimuuliza mbele ya mkewe, "Mwalimu, na ndoa yako ulipima?" Akajibu bila kugeuza uso, "Nilipima. Kipimo kilikuwa kibovu, lakini matokeo ni mazuri." Mkewe alimpiga na kitambaa cha vyombo. Mkewe sasa ni marehemu, alikuwa mama mwema, yeye sina neno naye.

Kuchelewa, alichelewa. Mtu aliyefundisha wakati maisha yake yote hakuwahi kufika kwa wakati. Ukimlaumu anakuambia wenye sayansi wenyewe hawajakubaliana wakati ni kitu gani, donc, basi, tusigombane. Aliogopa mbwa. Alikula sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani, na vichwa vyake. Hakujua kuendesha gari mpaka akazeeka, lakini alinifundisha mimi alama zote za barabarani, jioni baada ya kazi, akizichora kwa chaki sakafuni mwangu, nami nikapata leseni kabla yake. Mtoto wangu Sifa alipolazwa, alikuja kukaa naye hospitali nikaenda kazini. Nikarudi nikakuta anamwelezea nesi kwa nini mwezi hauanguki. Nesi ameacha kazi, anasikiliza.

Nayaandika haya kwa sababu ni kweli. Sitaki mtu aseme nilimchukia tangu mwanzo.

Wilondja alikuwa mwanafunzi wake kambini, chini ya turubai, wakati hakuna kitabu wala chombo chochote. Mwalimu alifundisha joto kwa sufuria, mwanga kwa kipande cha kioo, uzito kwa mawe. Wilondja ndiye aliyebeba sufuria, kioo na mawe. Mwalimu akamwita "mikono yangu". "Mikono yangu eko wapi? Mwambieni alete moto." Watoto wa kambi wakaanza kumwita hivyo hivyo. Mpaka Louisville, mtu mzima, na ndevu, ukipita ghalani utasikia: "Mikono ya Mwalimu, leta palet huku!"

Moja ya masomo yale nalikumbuka hata mimi, kwa sababu nilikuwa napita na ndoo nikasimama kusikiliza. Alikuwa ameleta mbabula. Akawaambia watoto makaa yana hewa mbili. Moja unaiona, ni moshi, inakukohoza na kukufukuza. Nyingine huioni, haina harufu, haikukohozi, inakulaza tu. Akawaambia nyumba zetu zinatuokoa bila sisi kujua, kwa sababu upepo unapita kwenye mabati, kwenye turubai, kwenye udongo uliopasuka. "Umaskini wetu una madirisha," alisema, na watoto wakacheka. Wilondja alishika mbabula lile kwa vitambaa viwili mpaka somo likaisha.

Donc alijua. Wote wawili walijua.

Sasa retreti. Sisi watu wa kanisa tunajua retreti ni nini: mnatoka mjini, mnakwenda porini au shambani siku tatu, mnafunga, mnanyamaza, mnatoa ushuhuda, mnarudi. Mwalimu alikwenda mara nyingi na kanisa. Mara moja alirudi amekasirika. Tulikuwa kwangu, anakula, akaweka kijiko chini. "Juu ya nini Mungu anapata siku tatu, na fizikia haipati hata saa moja?"

Mchungaji Elie alikuwepo. Akasema, "Mwalimu, fizikia haiokoi mtu."

"Ulipima?"

Ndivyo ilivyoanza. Mwaka wa kwanza walikuwa watu wa ghalani tu, walimu wa zamani, mainjinia wa zamani, watu waliokuwa na vyeti vilivyoungua au vilivyobaki Bukavu. Walikaa shambani na swali moja. Kila mwaka swali moja, Mwalimu anawatumia mapema: wakati ni nini, kwa nini joto linatoka kwenye chungu kwenda hewani na halirudi, kitu kiko vilevile kabla hujakiangalia, au kinangoja macho yako? Asubuhi wanabishana. Mchana, baada ya chakula, saa ya kimya: kila mtu anakaa, anafumba macho, haongei, hasimami, hata wapishi tunaingia. Mimi sikuweza kufumba. Tangu vita sifumbi macho kati ya watu. Nilikuwa nakaa pale kidirishani nawaangalia, kama mtu anaangalia kuku waliolala.

Lakini kitu kikubwa kilikuwa ushuhuda wa jioni ya kwanza. Kanisani tunashuhudia Mungu alivyotutendea. Mwalimu akageuza. Kwake unashuhudia kosa lako la kazi. Unasimama, unasema jina lako lote, halafu unasema: nilikosea hivi. Humtaji mwingine. Hujitetei. Ukimaliza hakuna anayepiga makofi, hakuna anayekufariji, wote wanasema neno moja: "Tumesikia." Unakaa. Alisema sayansi inaoza kwa sababu watu wanaonyesha walichopata na kuficha walichoharibu, na mwingine anakuja anaanguka shimo lilelile. Alisema kazi haitakuwa safi mpaka mtu aweze kusimama akasema mimi.

Hilo ndilo lililoleta wazungu. Alikuja kwanza mama mmoja wa chuo huko Columbus, sisi tulimwita Dokta, mrefu, mweupe kama unga, anakula pilipili bila kulia. Wilondja alikuwa anamtafsiria. Jioni ya kwanza akasimama, akasema jina lake, akasema kuna vipimo alivitupa kwa sababu havikulingana na alichotaka, na ilipojulikana akamwachia mwanafunzi wake abebe lawama. Hajawahi kuyasema mahali. Wilondja akatafsiri polepole, kwa heshima, kama anabeba yai.

"Tumesikia," watu wakasema.

Dokta akakaa, akalia. Baadaye aliniambia, Wilondja akinitafsiria, kwamba kwenye mikutano yao mikubwa mtu hawezi kusema vile, atapoteza kazi. Mwaka uliofuata alileta wenzake wa Columbus na wawili wa Buffalo. Mwalimu hakulala wiki nzima kwa furaha. Alinunua tai ya pili, akairudisha dukani, akavaa ileile.

Na ushuhuda wake mwenyewe? Alikuwa nao, ndiyo. Kila mwaka uleule. Kwamba Uvira alifundisha muhula mzima kwa kipimajoto kibovu, wanafunzi wakaandika kwamba maji yanachemka mapema, naye akawapa alama. Watu walicheka kila mwaka. Tumesikia. Kosa dogo, limesuguliwa mpaka linang'aa, unaweza kuliweka sebuleni. Wilondja alininong'oneza mara moja, "Dada, hicho kipimajoto kimestahili pensheni." Tukajizuia kucheka.

Shamba lilikuwa la Dale. Mkatoliki mzuri, anasalimia, anatoa mayai. Alikodisha ile nyumba ya mikutano kwa makanisa na kwetu. Kwenye dari palikuwa na king'ora cha kunusa hewa mbaya. Mwaka mmoja kabla ya msiba, nilikuwa nakaanga samaki na kikalia, kikalia, Dale akaja na ngazi akaking'oa, akasema kina kelele kuliko mke wake. Hakukirudisha. Nilikuwa naona lile duara jeupe darini na nyaya mbili zinaning'inia. Dale, nakutaja. Uliking'oa, ukapangisha watu chini yake.

Mwaka ule wa msiba tulifika, mashine ya joto imekufa. Dale akasema fundi atakuja kesho. Kesho yake akasema kesho. Alibandika plastiki madirishani, akafikiri amesaidia. Wageni walikuwa wamevaa makoti ndani, wanashika vikombe bila kunywa. Baada ya chakula cha mchana mmoja wa Buffalo akasema kwa upole, twende tu hoteli mjini, tumalizie huko. Dokta naye akaanza kukunja karatasi zake.

Niliona uso wa Mwalimu. Sijui kuuandika. Alikuwa amengoja watu hawa maisha yake yote, toka turubai. Akasema, "Dakika kidogo, chers amis, rafiki zangu, dakika kidogo." Akapita jikoni, akatoka kwa nyuma, pale nilipokuwa nachemshia maharagwe nje. Akaondoa sufuria yangu. Akachukua mataulo yangu mawili, akashika mbabula masikioni, akaliingiza ndani mwenyewe. Moto mwekundu, mzuri. Watu wakasogea, wakanyoosha mikono. Mmoja akapiga picha.

Wilondja akasema kwa Kiswahili, taratibu, ili wageni wasisikie, "Mwalimu, na ile hewa nyingine? Ulitufundisha."

"Mlango uko wazi, mikono yangu. Ni kidogo tu. Bapate joto, basiende."

"Bon. Mimi nitakaa karibu nililinde."

"Ndiyo. Linda."

Akavuta kiti, akakaa kando ya mbabula. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kule ghalani, macho mekundu.

Saa ya kimya ikaanza. Mlango uko wazi, upana wa mtu. Halafu huko nje Dale akawasha msumeno wa mashine, anakata mti. Wageni wakafungua macho, wakafumba. Msumeno ukapiga tena. Mwalimu akasimama. Alitembea kwa vidole. Akatoka kwenda kumwomba Dale anyamaze, na alipotoka alivuta mlango nyuma yake, polepole sana, kama mtu anayemfunika mtoto. Ukaingia mahali pake. Klik.

Chumba kizima macho yamefumbwa. Niliona mimi tu, nikadhani anarudi sasa hivi.

Dale alizima mashine. Baadaye nikajua alimchukua Mwalimu kumwonyesha paa la banda, na Mwalimu alikuwa na adabu, hakuweza kumkatiza mwenye nyumba. Kimya kilikuwa kizuri. Kilikuwa kimya kizuri kuliko vyote alivyowahi kupata. Nilipoangukia kwenye majani nje, niliwaona wawili wanarudi, wanazungumza. Mwalimu alinitazama, akatazama mlango, akaanza kukimbia na tai yake imetoka nje ya shati. Nilimsikia ndani: "Mikono yangu! Mikono yangu! Amka!"

Magari ya hospitali yakaja. Mchungaji Elie akaja. Mimi nilikuwa na kinyago cha hewa usoni, siwezi kusema. Polisi wakauliza nani aliingiza jiko. Mwalimu aliangalia chini. Mchungaji Elie ndiye alitafsiri, na Mwalimu hakuwa amesema kitu, donc Mchungaji alitafsiri kitu ambacho hakikusemwa. Akawaambia ni marehemu. Dale akatikisa kichwa, ndiyo, ni yule aliyekaa karibu nalo. Ilimfaa. Kama marehemu ndiye mjinga, nani atauliza kuhusu nyaya mbili darini?

Nilijua Jumapili, kwenye matangazo. "Ndugu yetu, kwa kutojua, aliingiza jiko la makaa." Kwa kutojua! Nilisimama katikati ya kanisa, nikasema siyo yeye. Wamama wakanishika, wakanipepea, wakasema ni uchungu. Mwalimu alikuwa safu ya pili. Nilimwona shingo. Haikugeuka.

Mchungaji Elie alikuja kwangu na biskuti. Nayakumbuka maneno yake kama yalivyo.

"Dada, Mwalimu hajapata uraia. Wakimfunga, watamrudisha. Ni mzee. Ni nani atatufundishia watoto? Marehemu hawezi kufungwa. Hawezi kurudishwa. Mwache abebe. Yeye haumii."

"Mama yake anaumia."

"Mama yuko mbali."

"Simu haiko mbali, Mchungaji. Wewe ndiye ulimpigia."

Nikamrudishia biskuti zake. Elie, nakutaja wewe pia, na kofia yako ya uchungaji juu ya kichwa.

Mama yetu yuko Uvira, haoni vizuri, anasikia vizuri. Mchungaji alimwambia kwamba Wilondja aliingiza moto chumbani, nusura aue wazungu. Mama aliniuliza swali moja: "Wilondja wangu alikuwa mjinga hivyo?" Nikamweleza kila kitu, mbabula, mataulo, mlango. Akasikiliza. Halafu akasema, "Wewe ni dada yake. Dada atasema hivyo. Mwalimu mwenyewe akiniambia, nitaamini." Majirani huko wanamwita mama wa yule aliyewasha moto. Haendi tena kwenye chama cha wamama. Anakaa mlangoni.

Hilo ndilo ninalotaka. Sitaki jela ya mtu. Nataka mama asikie sauti ya Mwalimu.

Mwalimu alihama Louisville bila kuaga, akaenda kwa mwanawe Westerville, huko Columbus. Na mimi nikahamia Columbus kwa ajili ya kazi, ghala jingine, maboksi yaleyale. Tulikutana harusini. Nilikuwa kwenye zamu ya wapishi, nimeshika kijiko, yeye ameshika sahani.

"Mama Sifa! Sambaza ni zako hizi?"

"Ni zangu."

"Nilijua. Nilisikia harufu kutoka parking."

"Mwalimu, mama anauliza."

Akaangalia sahani. Akaangalia saa, yeye ambaye hajawahi kuangalia saa. "Bon. Tutaongea." Akabeba sambaza wake akaenda meza ya mbali, akakaa karibu na mlango. Nilimwona anausukuma kwa kiti uwe wazi. Watu wa meza walilalamika baridi. Akajifanya hasikii.

Dokta alinitafuta wakati ule, alipojua niko mjini kwao. Wilondja hakuwepo wa kututafsiria, tukatumia Sifa wangu. Dokta alisema alimuuliza Mwalimu uso kwa uso nani alifunga mlango, naye akasema labda upepo. Dokta akaniuliza mimi. Nikamwambia. Aliweka kikombe chake cha chai chini, akasema kitu, na Sifa akanitafsiria kwa Kiswahili chake cha kuokota: "Anasema Mwalimu alimfundisha kusema mimi, sasa Mwalimu mwenyewe hawezi kusema." Dokta hajarudi kwenye retreti. Wengine walirudi. Ndiyo, retreti iliendelea. Swali moja kila mwaka, saa ya kimya, ushuhuda. Kipimajoto kipo bado. Wananiambia watu bado wanacheka.

Sasa niko Buffalo, nafanya kazi ya kutunza wazee. Mwalimu naye yuko hapa, kwa binti yake, Kenmore. Amepata uraia, alipigwa picha na bendera. Retreti ya mwaka huu wataifanya shambani, saa moja kutoka hapa, theluji ikiisha, na ndipo kitabu kitatolewa, jioni ya kwanza, kila mtu asome alichoandika.

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Binti yake alinifungulia amevaa koti ndani ya nyumba.

"Karibu, tantine. Usivue koti."

"Joto limeharibika?"

"Hapana, joto liko. Ni Baba. Anafungua dirisha, naenda kazini, narudi, theluji iko kwenye carpet. Namfungia, anafungua. Bili ya gesi inatumaliza." Akapaza sauti kuelekea ndani. "Daddy, please!"

Alikuwa kwenye kiti, blanketi begani, tai shingoni. Dirisha wazi kabisa. Theluji ilikuwa inaingia, inatua juu ya kitanda, haiyeyuki haraka. Ameisha, ni mifupa na tai. Mikono ilikuwa myeupe kwa chaki, kuna ubao mdogo wa mjukuu magotini.

"Mama Sifa. Umechelewa."

"Nilijifunza kwako."

Akacheka. Kicheko kilekile. Nikakaa. Tuliongea habari za watu, nani amezaa, nani amenunua nyumba. Akaniuliza kama nitakuja kuwapikia. Akasema swali la mwaka huu ni zuri: kama kila kitu kinachotokea kinaacha alama mahali fulani, hata kama hakuna aliyekiona. Aliniambia hivyo, mimi, akinitazama machoni. Sijui kama alijua anachosema. Sijasoma.

Nikamwambia, "Funga dirisha, Mwalimu."

Hakusogea.

"Funga tuongee."

"Hapana, mama. Siwezi."

"Tangu lini?"

Akaangalia ubao. Aliandika kitu, akafuta kwa kiganja. "Unajua tangu lini."

Nilingoja. Kazi yangu ni kungoja wazee, wakae, wainuke, wakumbuke. Naijua. Nikatoa simu, nikaiweka juu ya blanketi, namba ya mama imetokea. "Bonyeza tu. Yuko mlangoni. Mwambie maneno matatu. Ni mimi, siyo yeye."

Aliiangalia ile simu kama wale wageni wa shambani walivyoangalia moto, kwa kuipenda. Kidole kilisogea. Halafu akasema, "Nikisema, retreti inakufa. Mahali pamoja tu duniani ambapo mtu anasimama akasema kosa lake, pamekufa. Ulipima hilo?"

"Palikufa kwenye kile kiti, Mwalimu. Karibu na mbabula."

Simu ikajizima kioo. Binti yake akaingia na chai, akalaani baridi kwa Kiingereza, akafunga dirisha. Mwalimu alianza kupumua haraka, mkono umeshika tai. Nilisimama, nikalifungua mimi. Sikulifungua kwa huruma. Nilitaka aone kwamba mtu anaweza kusimama akafungua.

Donc hiki ndicho nilichoandika, na kitasomwa jioni ya kwanza, kabla ya ushuhuda wako, Mwalimu. Nitakuja. Nitapika. Nitakaa nyuma, macho wazi, simu mkononi, na mama atakuwa kwenye laini. Dale nimemtaja: ajibu alipeleka wapi kile king'ora. Mchungaji Elie nimemtaja: ajibu nani alimpa ruhusa ya kumsemea maiti. Wewe sikukutaja, kwa sababu sheria uliiweka mwenyewe: mtu anasema jina lake kwa kinywa chake. Nafasi yako nimeiacha tupu kwenye karatasi hii yote. Usituletee kipimajoto. Simama, Mwalimu. Sema jina lako. Sema nani alibeba mbabula, na nani alivuta mlango. Tuko hapa. Tunasikiliza.